Runinga Kuukuu Haiuawi na Uzee, Huuawa na Haraka

Leo tuweke programu kando kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba mchana kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi. Jioni na wikendi, hata hivyo, meza yangu huwa na runinga za zamani, zile zenye mgongo mkubwa kama mkoba wa askari. Watu huniuliza natafuta nini humo ndani. Leo nitajibu, na jibu langu najua halitawapendeza mafundi wote.

Maoni yangu ni haya: runinga nyingi za zamani hazifi kwa uzee. Hufia mezani, siku ile ile ya kutengenezwa. Mtu anafungua mgongo kwa nguvu, anavuta waya, anazungusha kitu asichokijua, na kilichodumu miaka 30 kinavunjika kwa sekunde moja. Halafu mwenyewe anaambiwa, "Hii ilikuwa imezeeka tu."

Ndani ya runinga kuna vipuri vya namna mbili. Kuna vile ambavyo tangu mwanzo viliundwa vichakae na vibadilishwe. Na kuna vile ambavyo vikivunjika leo hakuna kiwanda kitakachokupa kingine. Fundi mzuri, kwangu mimi, ni yule anayejua tofauti hiyo kabla hajashika bisibisi.

Kwanza, kwa nini tujisumbue?

Najua kuna atakayesema, kaka, dunia imehamia skrini bapa, wewe umebaki na makasha? Swali halali. Hapa Kenya matangazo ya televisheni yalianza 1962, na mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa tukahamia dijitali. Runinga nyingi ziliishia stoo, chini ya kitanda, au kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa sababu watu walidhani zimekufa. Hazikufa. Yaliyobadilika ni matangazo tu.

Kisimbuzi cha kawaida cha DVB-T2 kikiwa na tundu la njano la picha na matundu ya sauti, unaunganisha na runinga yoyote yenye matundu kama hayo, na taarifa ya habari unaiona. Kama runinga ni ya zamani zaidi, yenye tundu la antena peke yake, unahitaji modyuleta, yaani kijisanduku kinachogeuza picha hiyo iwe mawimbi kama ya stesheni za zamani. Kuna familia ambazo zina kanda za VHS za harusi na mazishi na zinataka kuzitazama tena. Kuna vijana wanaocheza michezo ya video ya miaka ya 1980, na ile michezo ya bunduki ya mwanga haifanyi kazi kwenye skrini bapa, kwa sababu inategemea jinsi mrija wa zamani ulivyochora picha. Na kuna wale waliokulia mashambani miaka ya 1990 ambao ukiwatajia Great Wall, ile runinga ndogo isiyo na rangi iliyotumia betri ya gari, wanaanza kukuhadithia jinsi betri ilivyopelekwa sokoni kuchajiwa ili wawahi mechi. Vitu kama hivyo vina thamani kwa wenyewe hata kama sokoni havina bei.

Pili, vipuri vya kubadilishwa

Hapa sina ugomvi na mtu. Kapasita za elektroliti, vile vimkebe vidogo vya alumini, zina majimaji ya kemikali ndani yake, na joto huyakausha polepole. Zikikauka utaona picha imefupika juu au chini, au utepe mpana wa kivuli unapanda polepole kwenye skrini, au spika inavuma. Ni vipuri vya bei ndogo na ukienda Luthuli Avenue pale Nairobi huvikosi. Angalia mambo manne tu. Mikrofaradi ziwe zile zile. Volti zisiwe chini ya zile za mwanzo. Kiwango cha joto kiwe nyuzi 105 badala ya 85 kama unaweza. Na upande wa hasi usiukosee, maana kapasita ikigeuzwa hupasuka.

Kuna pia ugonjwa wa solda iliyopasuka. Vipuri vizito na vinavyopata joto, hasa ile transfoma ya volti kubwa ambayo mafundi huiita flaibaki, hutanuka na kunywea kila runinga inapowashwa na kuzimwa. Baada ya miaka, solda inayoshika miguu yake hupata ufa wa mviringo mwembamba kama unywele. Picha inakuja na kupotea, na ukipiga kofi kasha inarudi. Bila shaka sote tumewahi kuipiga runinga kofi! Dawa yake ni kuondoa solda ya zamani na kuweka mpya, kazi ya dakika chache.

Jambo moja la kukumbuka: ukiona mstari mmoja mweupe unaong'aa katikati ya skrini, punguza mwangaza au uizime papo hapo. Nguvu yote iliyokuwa ya kuchora skrini nzima imekusanyika mahali pamoja, na inaweza kuunguza ule unga unaotoa mwanga nyuma ya kioo. Tatizo lililoleta mstari huo hutengenezeka. Alama iliyoungua haifutiki.

Tatu, kisicho na badala

Sasa tufike kwenye mrija wa picha wenyewe. Viwanda vikubwa vilivyotengeneza mirija ya runinga za nyumbani vimefungwa. Mrija ulio nao ndio huo huo.

Kwanza usalama, kwa sababu sitaki kumzika msomaji. Runinga ndogo isiyo na rangi hupeleka kwenye mrija volti kama 10,000, na ya rangi hupita 20,000. Mrija wenyewe hushika chaji kama kapasita hata baada ya kuchomoa plagi, na ukishaitoa, kiasi fulani kinaweza kujirudia chenyewe. Ndiyo maana fundi makini huitoa zaidi ya mara moja, kwa kifaa ambacho waya wake umefungwa kwanza kwenye ule wavu wa waya unaokumbatia mgongo wa mrija. Tena runinga nyingi za zamani zina fremu ya chuma iliyoungana moja kwa moja na stima ya nyumbani ya volti 240, kwa hiyo kuishika ikiwa imewashwa ni sawa na kushika waya wa ukutani. Kama hujawahi kufanya kazi hii, usiianze kwa kusoma makala kama hii. Kaa kando ya fundi anayejua, utazame mikono yake.

Sehemu dhaifu zaidi ya mrija ni shingo, ile bomba ya kioo iliyo nyuma, ambayo upana wake ni kati ya milimita 20 na 29 hivi. Mwisho wa shingo kuna kibao kidogo cha saketi kilichochomekwa kama plagi. Kibao hicho huvutwa moja kwa moja kwenda nyuma. Hakipindwi, hakitikiswi kushoto na kulia. Pale kinapochomekwa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna kincha cha kioo kilichozibwa kwa moto kiwandani baada ya hewa yote kunyonywa. Kincha kikivunjika, hewa inaingia, na huo ndio mwisho.

Dalili yake ni rahisi kuijua. Mulika shingo kwa tochi, utaona doa la rangi ya fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia. Usinunue kipuri chochote, hata cha shilingi moja.

Mama mmoja jirani yangu alikuwa na runinga ya inchi 14 ambayo marehemu mumewe alimnunulia. Picha ilikuwa ikija na kupotea. Kabla haijanifikia, ilikuwa imepita kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Kile kibao cha shingoni kilikuwa kimeshikwa na gundi ya kiwandani, naye badala ya kuikata gundi polepole kwa kipande cha plastiki, alikivuta kwa upande. Nilipoifungua nyumbani kwangu, doa lilikuwa jeupe. Nikaendelea kutafuta chanzo cha lile tatizo la kwanza, nikakipata: mguu mmoja wa flaibaki, solda imepasuka. Kazi ya dakika mbili.

Mama akaniuliza mrija mwingine ni pesa ngapi. Ilinibidi nimweleze kwamba si suala la pesa. Tungehitaji runinga nyingine ya aina ile ile, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Nilizunguka nikitafuta kwa wiki kadhaa, nikapata spika, nikapata kasha, mrija sikupata. Runinga ile iko sebuleni kwake mpaka leo, imefunikwa kitambaa.

Sasa niambieni, pale kilichoua ni uzee?

Nne, vidogo vidogo vinavyodharauliwa

Tuanze na nobu, ile ya kuzungusha stesheni. Ni nyumba ngapi zilibadilisha stesheni kwa koleo baada ya nobu kupasuka? Plastiki ya zamani hukauka ikawa kama biskuti, na koleo nalo hutafuna shafti mpaka hakuna nobu itakayokaa tena. Watu humimina supaglu kwenye tundu na kuirudisha hapo hapo. Siku ya kufungua kasha, nobu haitoki, inavunjwa, na pengine swichi ya stesheni inavunjika nayo. Njia bora ni ya pole pole. Itoe nobu, isafishe mafuta, unganisha ufa kwa epoksi, kisha zungushia kikonyo chake uzi mwembamba uliolowa epoksi hiyo hiyo, kama vile mtu anavyofunga mpini wa kisu uliopasuka. Iache siku nzima ikauke. Ukitaka kuipima kwenye shafti kabla haijakauka vizuri, paka shafti nta kwanza isije ikashikana. Na usiisafishe plastiki ya zamani kwa asetoni, maana itayeyuka mikononi mwako.

Swichi yenyewe ya stesheni, ile inayotoa mlio wa tak-tak, nayo huchafuka. Miguso yake mara nyingi imepakwa fedha kidogo sana. Ukiisugua kwa msasa unaondoa fedha yote, na baada ya miezi michache shida inarudi ikiwa kubwa zaidi. Pamba na spiriti vinatosha.

Kisha kuna vile vikopo vidogo vya chuma kwenye bodi, ambavyo ukichungulia juu unaona kitu cheusi chenye mfereji kama kichwa cha skrubu. Si skrubu ya kukaza! Ni kiini cha feraiti kilichopimwa kiwandani, na nafasi yake ndiyo inayoamua picha na sauti zitakavyopita. Feraiti huvunjika kama chaki. Bisibisi ya chuma inakipasua, kipande kinakwama humo ndani, na picha haitanyooka tena. Nionavyo mimi, runinga ambayo picha yake ilikuwa nzuri juzi na leo imeharibika ghafla haina tatizo pale. Viache. Kama kwa kweli lazima, tumia kijiti cha plastiki au mwanzi uliochongwa, na weka alama ulipoanzia ili uweze kurudi.

Mwisho, bodi yenyewe. Zile bodi za kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa na gundi. Ukikalisha chuma cha solda mahali pamoja kwa muda mrefu, njia ya shaba inabanduka kama ganda la kitunguu. Gusa sekunde mbili tatu, ondoka, ngoja ipoe, rudi.

Tano, wale wa kubadilisha kila kitu

Sasa nije kwa ndugu zangu wanaoshikilia kwamba runinga ya zamani ikifunguliwa, kapasita zote zibadilishwe kwa mpigo, hamsini au mia, ndipo iwashwe. Sababu zao nazielewa. Mteja hataki kurudi kila mwezi, na fundi halipwi kwa kufikiri, hulipwa kwa kumaliza. Na kuna mahali ambapo wako sahihi kabisa: runinga iliyolala miaka 20 usiiwashe kabla ya kukagua kapasita kubwa za upande wa umeme, kwa sababu zikipasuka huharibu na vingine.

Lakini kubadilisha zote siku moja ni kamari. Kila kipuri unachong'oa ni nafasi ya kubandua shaba, kukata waya uliokauka, au kugeuza hasi na chanya. Ukiwasha na picha haipo, utaanzia wapi kutafuta? Umegusa sehemu mia.

Sisi waandishi wa programu tunaijua sana tabia hii. Mtu anarithi programu ya miaka kumi yenye hitilafu moja, anaamua kuandika upya nusu yake. Kesho yake ana hitilafu tano, na hajui ipi ilikuwepo na ipi ameileta yeye. Tulijifunza kwa machozi kufanya badiliko moja, kujaribu, kuandika tulichofanya, ndipo tuendelee. Runinga inataka nidhamu hiyo hiyo. Piga picha kwa rununu kabla ya kugusa. Badilisha kimoja au kikundi kidogo chenye kazi moja. Washa, tazama. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: programu nikiiharibu naweza kurudi kwenye nakala ya jana. Shingo ya mrija haina nakala ya jana.

Sita, mrija ukifa kweli?

Swali hili halijatukuta sisi wa mitaani peke yetu. Mwaka 1988 msanii Nam June Paik alijenga mnara wa runinga 1,003 ndani ya jumba la taifa la sanaa ya kisasa huko Gwacheon, Korea Kusini. Kazi hiyo inaitwa The More, The Better. Baada ya miaka mingi runinga zilianza kufa moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 mnara wote ukazimwa kwa sababu za usalama. Mjadala ukawa mkali. Waweke skrini bapa kote? Waache giza? Mwisho waliamua kutengeneza 737 kwa mirija na vipuri vilivyotumika walivyoweza kutafuta, na zile ndogo 266 za juu, ambazo mirija yake haikupatikana, wakazitia skrini bapa huku wakihifadhi umbo la nje. Mnara ukawashwa tena rasmi mwaka 2022.

Wapo waliosema huo ni udanganyifu. Mimi nasema walifanya jambo la busara. Waliokoa kioo cha zamani palipokuwa na uwezekano, na walipoweka badala walisema wazi ni badala. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mezani kwangu. Mrija ukiwa hai, kila kitu kingine kiusubiri. Mrija ukiwa umekufa, basi tia skrini bapa ndani ya kasha la mama ukitaka, lakini usimwambie umeitengeneza runinga yake. Na ule mrija mfu usiuvunje kwa nyundo wala usiutupe jaani, kwa sababu kioo cha mirija ya rangi kina madini ya risasi mengi. Upeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre pale Nairobi.

Nina ombi moja kwa mafundi na kwa yeyote anayejaribu kazi hii nyumbani. Ukimaliza, kabla ya kufunga mgongo, chukua karatasi. Andika tarehe, kipuri ulichobadilisha, na kile ulichoona ni dhaifu ukakiacha. Ibandike ndani ya kasha, mbali na joto. Fundi ajaye, ambaye pengine leo bado ni mtoto wa shule, ataifungua runinga hiyo na kujua mahali pa kushika na mahali pa kuacha. Karatasi kama hiyo ingekuwa ndani ya runinga ya jirani yangu, ikisema tu "kibao cha shingo kimegandishwa, kata gundi kwanza," leo mama angekuwa anatazama taarifa ya saa moja.

Hayo ndiyo yangu. Nyumbani kwenu kuna runinga gani ya zamani, na ilikufa vipi? Chungulia shingo yake kwa tochi, plagi ikiwa imechomolewa, kisha uniambie doa lina rangi gani.